Hakunipita

Ijumaa, tarehe 6
Ofu, siku ya kupumzika. Nimefua yunifomu, nimesonga ugali, kisha ubishi kama kawaida. Okello, Mganda wa kitanda cha juu, eti Kenya tumekwisha, raga sasa ni Uganda. Nikamwambia winga wao hukimbia vizuri mpaka aone mtu mbele. Winga ni kukaba. Mbio hata swara anazo. Akasema winga ni chenga, na yeye alicheza winga Gulu, kila mtu chumbani anajua, maana haachi kutukumbusha. Tukatoka uani, kambi nzima ya walinzi wa kigeni nyuma yetu. Akigusa tangi la maji, ni trai, ameshinda. Nikaziba njia. Nikamwita mwoga ili aje. Akaja. Goti lake likalia, akaangukia tangi. Wanasema alinipita. Hakunipita. Aliteleza.

Jumamosi, tarehe 7
Goti limefura vibaya. Na mkataba wake unaangaliwa mwezi huu! Supavaiza akimwona anachechemea, anarudishwa kwao. Kule ana watoto shuleni na mama mgonjwa, wote wanamtegemea yeye. Tumebadilishana lindo: yeye akae kwenye skrini za kamera, mimi nisimame getini juani. Supavaiza hajauliza. Bado.

Jumatatu, tarehe 9
Paredi ya asubuhi. Nasimama ubavuni mwake aniegemee. Anasaga meno. Dawa ya kuchua niliyonunua mtaani Najma ni bure kabisa.
Habishani tena. Hilo ndilo linaniogopesha. Leo kwenye basi nimemchokoza makusudi, nikasema Fiji wakimwona winga wenu watacheka. Akatazama dirishani. Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumatano, tarehe 11
Kwisha.
Lifti iliharibika, tukaambiwa tutumie ngazi. Supavaiza akamkuta Okello anapanda kwa makalio, ngazi moja moja. Nikakimbia ofisini. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye nilimchokoza, nirudisheni mimi badala yake. Nikapiga magoti, mbele ya watu. Khalas, yamekwisha, akasema bosi wa ofisi, rudi getini.
Nimelia chooni. Mwanaume mzima. Okello ndiye alinigongea mlango, akaniambia ninawe uso, basi linaondoka.

Ijumaa, tarehe 20
Ofu. Nimefua. Kitanda cha juu amepewa Mtanzania mpole, shabiki wa mpira wa miguu. Hakuna anayebishana.
Adhuhuri sauti aliyorekodi Okello akiwa kwao imeingia kwenye simu. Goti limefungwa bendeji. Kazi hajapata. Mkewe anamkaripia kutwa, mtu mzima na michezo ya watoto. Halafu kile kicheko chake.
"Lakini Wafula, sema ukweli, ndugu yangu. Nilikupita."
Nimeisikiliza tena na tena mpaka Mtanzania akaniuliza kama kuna msiba.
Nikajibu: "Ulinipita, Okello. Hata shati lako sikuligusa."
Kisha nikaenda kuanua nguo.