Majina Kumi na Saba Uliyompa Tajiri

Shemeji Hoza,

Shikamoo yangu leo huipati. Nilikuamkia miaka yote tangu umwoe dada yangu, nikakuamkia hata siku tulipopishana mahakamani Lushoto tukiwa na pingu. Leo hapana. Nina maneno na wewe.

Kwenye shamba la chai ulikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kazi uliiweza, sikatai. Kila dai uliliandika, chini yake majina yetu sote, kila mtu na dole gumba lake. Ulizoea kutuambia, "Dai bila majina ni fitina, lenye majina ni mazungumzo." Meneja alikuwa anakuvutia kiti. Halafu serikali ikaliuza shamba, mwekezaji akatupunguza, na njaa ikatupandisha msituni kumlimia tajiri mmoja bangi.

Huko nako ukaenda na ukatibu wako.

Mwenzetu Mama Tunu alipopata homa, tajiri alikataza asishushwe zahanati, eti njia itajulikana. Siku ya nne akatufia kibandani, tukamzika hukohuko bila hata sanda. Hapo ukatoa daftari. Nilikuuliza, Shemeji, karatasi ya nini tena huku? Ukanicheka. "Mfanyakazi ni mfanyakazi, hata akipalilia bangi." Ukaandika kwamba mgonjwa yeyote abebwe kwa machela mpaka zahanati, na akipona arudi kazini kwake. Majina kumi na saba, lako juu, langu la pili kwa ajili ya ushemeji. Ukampa tajiri mkononi.

Mtu mzima wewe. Jina la mtu anayejificha linaandikwa?

Haya, na hili nalisema usije ukadai nimekuonea: alikubali. Kibwana alipoangukiwa na gogo tulimbeba mpaka chini, na leo yupo, anauza viazi sokoni. Wiki ile ulitembea kifua mbele. Lakini polisi walipopanda, tajiri aliitoa karatasi yako mfukoni akawaambia wenye shamba ndio hawa, wamejiandika wenyewe. Wewe homa ya mapafu ikakumaliza mahabusu kabla ya hukumu. Sisi tukahukumiwa. Nimetoka nikakuta mama kazikwa, na mwanangu ananiita shangazi. Nilikuchukia, Shemeji. Nakuchukia hata sasa hivi ninavyoandika.

Nimerudi kwenye chai, kibarua wa kutwa. Katika ofisi ya tawi lako siku hizi wanaweka mbolea. Mwezi uliopita binti mmoja mjamzito alianguka akichuma, wakamnyima gari la shamba, mimba ikamtoka njiani akiwa mgongoni kwa mumewe. Wanawake wakanifuata. Wanataka twende kwa meneja tukadai gari la wagonjwa, na mimi ndiye niseme, kwa kuwa nilikaa na wewe. Nikawafukuza. Wakarudi. Nikawaeleza yaliyonipata, yote, mpaka ya mwanangu, nikidhani wataogopa waende zao. Na waliogopa, niliwaona. Kisha mmoja akauliza, sasa tuanze na jina la nani?

Nimeanza na langu. Karatasi ya kwanza niliichana, ikabidi niombe nyingine. Tunaingia kesho asubuhi, na keshokutwa sijui kama nitakuwa na kazi. Dada yangu hajui. Akijua atalia, atasema ukoo wetu umerogwa na karatasi.

Basi lala, Shemeji. Sijakusamehe, na msamaha sikuahidi. Ninachokuahidi ni hiki: meneja akiniuliza jeuri hii nimefundishwa na nani, sitakuficha. Nitakutaja.

Halima