Wali wa Nazi Tassia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na baba, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwilini ni mzima. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Nyumba yetu hapa Tassia ni chumba na sebule tu, na mama mkwe husikia kila neno.

Uliniuliza tunakula nini huku Nairobi. Mwanzoni nilifurahia kujifunza. Mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Machakos alinionyesha kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharage mpaka yakalainika. Kwa kweli ni chakula kitamu, Mama. Nami nikataka kuwaonjesha cha kwetu Muheza. Nilitafuta nazi mpaka soko la Gikomba, nikakuna, nikakamua tui zito, nikapika wali na kuku. Mama mkwe alinusa sahani akaisukuma.

"Hii chakula inanuka mafuta ya nywele," akasema.

Nikamtazama mume wangu anitetee. Mutua akacheka. "Wee pika tu ugali, mambo ya nazi wachana nayo." Akashuka chini kununua chapati, wakala wao wawili. Wali nikampa jirani.

Tangu hapo jiko si langu. Nachagua maharage, naosha masufuria, chumvi sigusi.

Kisha mwezi uliopita mama mkwe alialika wanawake wa kanisani kwake, na siku hiyo hiyo mgongo ukamshika, hawezi hata kusimama. Mutua akaniambia nipike chochote, bora wageni wasilale njaa. Nikapika wali wa nazi. Walikula, wakaongeza, wakakwangua sufuria. Mmoja akauliza, "Mama Mutua, nani amepika hii?"

"Si ni mimi? Kwani kuna nani mwingine?"

Mutua alikuwa amekaa pale pale. Alitazama sahani yake, kisha akasema, "Mamangu anajua kupika, kwani hamkujua?"

Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji, nawanawisha mikono. Nikamimina mpaka wa mwisho. Kisha nikaenda jikoni nikala ukoko uliobaki.

Jumapili iliyopita wanawake wale walirudi, na walikuwa wametuma habari mapema kwamba wanautaka wali ule ule. Mama mkwe akaniambia bila kunitazama, "Agnesi, enda utafute nazi."

Nikamjibu, "Mama, wali ule uliupika wewe. Mimi siujui."

Akaingia jikoni mwenyewe. Alisonga ugali, akakaanga sukuma wiki. Wageni walidonoa kidogo, wakaaga mapema. Nilidhani nitafurahi. Lakini nilipomwona ameketi peke yake, mikono mapajani, vyakula vimepoa mbele yake, sikuona raha yoyote. Mutua naye hanisemeshi tangu siku ile. Nikimtengea chai haigusi. Siku hiyo alisema tu kwamba nimemwaibisha mama yake. Mimi nani aliniaibisha, hajajiuliza.

Nisalimie shangazi Veronika, aliyenifundisha kukuna nazi nikiwa bado siifikii vizuri mbuzi ya kukunia, na mdogo wangu Daudi. Mwambie ajitahidi shambani, asimwachie baba kazi zote.

Baba akikuuliza, usimwambie haya. Mwambie Agnesi anakula vizuri.

Mwanao akupendaye,
Agnesi