Chokaa kwenye Mageti ya Kabazi

Jumatatu, 7 Agosti 1972
Mpango umeshika! Mwezi mzima nimebembeleza watu wapande miti kando ya mto, miche ya bure, wapi! Kila mtu ananiambia apande jirani kwanza. Basi wiki jana kila aliyepanda nikampakia geti alama ya chokaa, jirani aione. Leo watu wamekuja wenyewe kuomba miche. Dokta Pradeep, mwalimu wangu wa uchumi chuoni, alinicheka niliposema shida ni tabia ya watu, si bei. Ijumaa anakuja kutoka Nairobi kujionea.

Jumatano, 9 Agosti
Kuna kitu hakiko sawa. Mama Cherono ana chokaa na sikumpakia mimi. Nimezunguka hadi mtoni kwake — mche hata mmoja hakuna, ukingo unaporomoka tu. Nilipomuuliza akanikonyeza, eti nisijifanye, kila mtu anajua. Anajua nini?

Alhamisi, 10 Agosti
Mungu wangu. Wanasema serikali inagawa upya mashamba ya settlement, haya tuliyogawiwa wazungu walipoondoka. Mwenye chokaa anabaki, asiye nayo anahamishwa. Na eti aliyetumwa kupaka ni mimi! Barabara nzima ya chini mageti ni meupe. Miti haijaongezeka.

Mzee Kemboi anang'oa mabati ya nyumba yake, ahame nayo kabla hajafukuzwa. Shamba lake halifiki mtoni, kwa hivyo sikumpakia. Nimekimbia kwake, nimeapa ni masomo tu, ni miti tu! Akasema hata walipofukuzwa kwenye shamba la mzungu, karani aliwaambia si kitu, wasiwe na wasiwasi. Akashuka ngazi, akanishika mkono, akaniomba: Jerop mwanangu, nipakie na mimi, nirudishe mabati. Nikauvuta mkono wangu, nikashika njia ya nyumbani.

Ijumaa, 11 Agosti
Gari la Dokta limeonekana Subukia. Ataniuliza nini hii, nami nitasema nini? Nikimpakia Mzee, nimeuthibitisha uongo mimi mwenyewe. Nisipompakia, atalala nje, na mawingu haya!

Nimekoroga chokaa. Iko hapa kwenye ndoo. Mama ameniangalia kutoka mlangoni. Mama, ambaye nimemweleza habari za miti kila siku tangu chuo kifungwe, na akaitikia kila siku! Ameniambia polepole, majirani wasisikie: nikitoka kwa Mzee, nibakishe kidogo ya geti letu.