Maji ya Kizingitini

Herat, Alhamisi

Dada Nilab,

Sisi wazima. Mama bado anagombana na jiko lake, na jiko bado linashinda.

Video za simu uliyotutumia ndizo zinazotutoa nje siku hizi. Jana niliwapeleka wasichana wangu kwenye kiwanda cha peremende, huko huko Ujerumani kwako. Tulifunga mapazia, wakavaa viatu na shela, wakaketi zuliani kama abiria.

Mursal akanuna. "Mama, mbona hazinukii?"

"Lamba kioo basi, mlafi we!" Zarmina akamwambia dada yake. Nilifurahi. Tangu wasichana wakubwa wakatazwe shule, Zarmina hatanii mtu.

Unakumbuka tulivyomwaga maji nyuma ya gari lako ulipoondoka, ili urudi salama? Naye Zarmina humwaga kikombe kizingitini kabla ya kila safari yetu. Leo tulikuwa tunakwenda makumbusho. Alisimama mlangoni, kikombe mkononi, asimwage.

"Mwaga basi, tunachelewa!"

"Hapana, Mama. Nikimwaga tutarudi."

Dada, nilikichukua kile kikombe, nikakirudisha jikoni kikiwa kimejaa.

Mdogo wako, niliye palepale uliponiacha,
Gulsum