Vitako Visivyokauka

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Alhamisi, tarehe 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dadako. Hujambo huko uliko? Kifua kimeachilia, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Usinifiche, nakujua tangu ulipokuwa ukificha homa ili uende kucheza. Sisi wazima. Shemeji yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Nianze na habari za mwanao huyu niliyemzaa mimi, maana najua huko hakuna wa kumsifia inavyopasa. Yule binti waliyesema kazi ya mbao haimfai, sasa anatengeneza vitako vya bunduki za askari wa hifadhi ya wanyama. Fundi bunduki wa mjini, mzee mgumu asiyesifu hata chakula cha mkewe, hubaki na vyuma vyake dukani, humletea mwanao ule mti peke yake, umechakaa na kukwaruzika. Mwanao anakwangua vanishi ya zamani kwa kipande cha kioo. Palipobonyea anaweka kitambaa kibichi, anapitisha pasi ya moto, na mti unanyanyuka wenyewe. Anapiga msasa, anapaka maji ya chai nzito, kisha siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, na mti unageuka rangi huku unautazama. Mwisho ni mafuta ya kitani, anayasugua kwa kiganja mpaka mti upate joto. Mimi nimezaa, lakini sikujua nimezaa hivi.

Vitako vitatu vya kwanza vilikuwa vya kumjaribu. Vikimridhisha mzee, arobaini vinafuata.

Sasa sikiliza. Mwanao ana mwenzake kazini, mwanamume mzima, wanamwita Kimya na jina limemkaa. Asubuhi anasalimia, jioni anaaga, katikati hakuna kitu. Mtu wa hivyo mimi simwamini. Nilimwambia mwanao, "Huyo mtu wako ana jambo." Akanijibu, "Mama, ameajiriwa kupaka mafuta, si kuhutubia."

Wiki mbili zilizopita vitako vikakataa kukauka. Siku ya kwanza tukasema ni unyevu. Siku ya tatu bado vinanata, nzi kaja katua, kabaki hapohapo. Nikamwona Kimya anafungua chupa ya mafuta, ananusa, anatia kidole, anasuguasugua, kisha anatazama mlango wa jiko langu. Nikasema moyoni, huyu anaangalia kama kuna anayemwona. Tangu hapo nikahamishia kiti changu mlangoni, nachambua mchele huku namtolea macho. Hata ufunguo wa karakana nikauchukua kwake, kwa kisingizio kwamba kufuli linataka grisi.

Ijumaa fundi akaja. Alipokishika kitako cha kwanza, kidole gumba kikaacha alama. Akamwuliza mwanao, "Hiki nikishike au nikilambe?" Mwanao machozi yakamlengalenga. Ndipo Kimya akasema, "Ni mimi, mzee. Nilikosea mafuta."

Fundi akasema mtu huyo asiguse tena mti wake, na akampa mwanao wiki moja avifute vyote na kuvirudia. Kimya akavua aproni, akaikunja, akaondoka. Nilifurahi, nisikudanganye. Nikasema, "Si niliwaambia?"

Mwanao alichukua kioo, akapaka mafuta ya chupa ile upande mmoja, ya chupa mpya upande mwingine, akakiweka juani. Ilipofika Jumanne, ya chupa mpya yalikuwa utando mgumu. Yale mengine bado yanateleza. Akayanusa, akaja jikoni, akaniuliza taratibu, "Mama, meza ya sebuleni imeanza lini kung'aa hivi?"

Mdogo wangu, nilikaa chini. Siku walipokuja wanawake wa kikundi chetu nilitaka waone nyumba ya mama wa fundi wa mbao. Nikachota mafuta yake nikasugua meza, chupa ikashuka vidole vinne, nami nikaijaza kwa mafuta ya kupikia, maana rangi ni ileile. Kwangu mafuta yalikuwa mafuta. Kumbe ya kitani hukauka yakawa kama ngozi juu ya mti, na haya yetu ya kupikia hayakauki hata uyasubiri mpaka uone vitukuu.

Na Kimya alijua tangu aliponusa. Hapo ndipo nikamshuku zaidi. Mtu hajitwishi kosa la mwenzake hivihivi. Nikawaza anamtaka binti, au anataka tumnyenyekee maisha yetu yote.

Jana nilikwenda dukani kwa fundi, nikasema yote mbele ya wateja wawili, nimesimama wima. Akanitazama juu ya miwani. "Basi arudi," akasema, "na wewe mama, chupa za watu uziache." Nimeyameza hayo.

Kutoka pale nikaenda kwa Kimya, nikamkuta anafua. Nikasema langu lote, halafu nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akakamua shati kwanza.

"Mama, kosa langu nilidhani litasamehewa. Ningesema ni wewe, ningefanya kazi pale siku ngapi?"

Nikamwambia tu kwamba vitako vile havijifuti vyenyewe na mwanangu ana mikono miwili. Akasema atakuja. Nilipofika kwenye kona niligeuka ghafla, nione kama ananicheka. Alikuwa anaanika shati.

Msalimie shemeji na hao wanangu wawili, waambie mama yao mkubwa anawadai barua. Mama mkwe wako mpe mkono wangu, kwa heshima. Mungu akuzidishie nguvu na akupe majirani wema.

Ni mimi dadako, nikupendaye bila kupunguza.