Maji ya Mzee Boadu

Accra, 4 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku linanipika. Simu yako bado imelala, kwa hiyo nampa dereva wa basi barua hii pamoja na bahasha ya zabuni yetu ya madawati ya shule. Ijumaa, sanduku la zabuni pale ofisi ya wilaya linafungwa saa nne asubuhi. Baba, saa nne ni saa nne. Tukikosa kazi hii karakana itafungwa, wewe mwenyewe umesema.

Mwanao, Serwaa

Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu Serwaa,

Salamu nyingi. Magoti hayajambo, uso ndio sina. Nilifika mapema. Lakini chumba cha kwanza cha ofisi anakaa Mzee Boadu, mpokea wageni, wa ukoo wa marehemu mama yako. Akanipa nafasi kwenye benchi kando ya wageni wawili, akaniletea maji, akaanza kuniuliza habari za nitokako. Ningefanyaje? Nimwambie shemeji weka maji yako, mimi nina bahasha? Nikanywa, maana kwa mila yetu mgeni hasemi kilichomleta mpaka anywe maji na aulizwe. Nikaeleza yangu, naye akaeleza yake, msiba kwa msiba. Alipofika kuniuliza kilichonileta, karani alikuwa ameshafunga sanduku. "Umechelewa, mzee," akasema, hata kuigusa bahasha hakuigusa. Nimekuangusha, mwanangu.

Baba yako

Accra, 14 Machi

Baba,

Nimesoma. Mimi mzima.

Serwaa

Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Najua umenuna, lakini hili halingoji. Karani amenifuata hadi karakanani. Siku ile sanduku lilipofunguliwa mbele ya watu, lilikuwa tupu. Wale wageni wawili wa benchini ni maseremala kama mimi, kila mmoja alikuwa ameikalia bahasha yake asiionyeshe, na kila mmoja kalelewa vizuri, alikuwa anangoja aulizwe. Zabuni imetangazwa upya, mwisho Ijumaa tarehe 12. Nimecheka mpaka magoti yameuma. Ila Mzee Boadu yupo palepale na mtungi wake.

Baba yako

Accra, 6 Aprili

Shikamoo Baba,

Hasira zimekwisha, nimecheka hadi wenzangu kazini wakaniuliza kulikoni. Nakuja Alhamisi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo maji nitakunywa mimi na habari nitaeleza mimi. Wewe pita moja kwa moja.

Mwanao, Serwaa

Nyumbani, 20 Mei

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Mimi sina muda wa kuugua, mashine inanguruma tangu asubuhi. Kazi tumepata! Mbao za kwanza zilishushwa jana, na moyo wangu umetua kabisa.

Kuna jambo sikukwambia. Bahasha ilipoanguka sandukuni, nilisikia sauti yako kule chumba cha kwanza, bado unaeleza habari za jino la Shangazi Pomaa. Nikasimama palepale nakusikiliza, hadi karani akaniomba nipishe.

Mzee Boadu anakusalimu. Anasema uliondoka kabla ya kumaliza, na anataka kujua lile jino liling'oka au la.

Baba yako, Yaw Ntiamoah