Kabati la Mkuu wa Shule

Wifi yangu Tumaini,

Mie mzima huku Chanika, ila wakuu wa shule wenzangu watanitoa roho. Tumeletwa kwenye sekondari moja kuona masomo ya mtandaoni. Ofisini kwa mwenyeji wetu feni imekufa, jasho linatutiririka, naye anahubiri: "Siku hizi mtoto anasoma popote! Nyie mnakwama wapi?" Kisha akamwambia mwalimu wa hesabu atume somo kwenye simu za kidato cha tatu, tushuhudie.

Likatumwa. Mara kabati la chuma nyuma ya kiti chake likaanza kulia na kutetemeka kama mzinga wa nyuki.

"Mkuu, humo mna nini?" nikamuuliza.

"Simu za wanafunzi. Tulifanya msako asubuhi. Mngewakuta na simu mngetuonaje?"

"Sasa hilo somo analisoma nani?"

Akasema chai iko tayari. Eti chai! Na wenzangu wakainuka kufuata maandazi, huku wakimsifu kwamba shule yake ina nidhamu. Mie sikugusa hata kipande, kwa hasira.

Jioni hasira ikanigeukia mwenyewe. Ile simu uliyomnunulia Neema asomee, nami nikamnyang'anya mbele ya darasa zima, bado imo kabatini kwangu huko Songea. Nakukumbatia wewe na kaka. Neema mwambie shangazi yake anaomba radhi, na avumilie hadi Ijumaa, maana ufunguo ninao hapa mkobani.

Wifi yako,
Adela